Reli ya Sebuleni: Kuanza Treni za Mfano na Mtoto Mdogo

Treni ya mfano ni treni iliyopunguzwa vipimo vyake vyote kwa uwiano mmoja, ikawekewa reli, stesheni na mizigo ya kimo chake. Hapo ndipo inapoachana na treni ya kuchezea ya kawaida, ambayo mtengenezaji hukisia umbo tu ili mradi lifanane na treni. Kwa mtoto wa miaka mitatu tofauti hiyo haina uzito wowote, na mzazi anayeishikilia mno mapema huishia kucheza peke yake. Lakini mtoto huyohuyo akifika miaka sita au saba ataanza kuuliza kwa nini mtu hawezi kupita kwenye mlango wa behewa, na hapo vipimo vitahitajika.

Mchezo huu ulipata mpangilio wake mwaka 1891, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipopeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig treni zenye upana wa reli uliowekewa viwango. Viwango vilimruhusu mzazi anunue duara la reli mwaka huu, mwakani aongeze behewa, mwaka unaofuata aongeze njia ya kupishana, na kila kipya kikaungana na cha zamani. Mwaka 1920 Frank Hornby akaingia sokoni Uingereza na treni za kujazwa kwa ufunguo kama saa. Mwaka 1958 Brio ya Uswidi ikatoa reli za mbao zenye mifereji miwili, za kusukuma treni kwa mkono, na mpaka leo hakuna aina inayowafaa wadogo kuliko hiyo. Wazo la kuongeza kidogo kidogo ndilo la kushikilia, hata pale ambapo dukani hakuna cha kununua.

Shinyanga ina faida ambayo sehemu kubwa ya Ulaya haina: reli yake ya zamani ina upana wa mita moja kamili. Reli hiyo ni tawi lenye urefu wa karibu kilomita 380 kutoka Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928 wakati wa Waingereza, likiwa limechepuka kutoka Reli ya Kati ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Milimita 1,000 hugawanyika bila kikokotoo. Kwa uwiano wa 1:20 upana wa reli ya mfano ni sentimita 5, kwa 1:25 ni sentimita 4, kwa 1:50 ni sentimita 2. Anayeiga reli ya milimita 1,435, kama ilivyo sehemu kubwa ya Ulaya, hupata namba zenye nukta kila anapogawanya.

Kwa nyumba ya kawaida uwiano wa 1:50 ndio unaokaa vizuri. Mtu mzima wa mita 1.7 anakuwa na kimo cha sentimita 3.4. Kontena la futi 20, linaloonekana kila siku kwenye bandari kavu ya Isaka, linakuwa boksi la urefu wa sentimita 12 na upana na kimo cha sentimita 5 hivi, ambalo mtoto analikamata kwa mkono mmoja. Tatizo ni behewa la abiria. La mita 18 linatoka na sentimita 36, na manne ya namna hiyo pamoja na kichwa cha treni hujaza sebule nzima. Wajenzi wa treni za mfano duniani kote hulipunja: kimo na upana hubaki sahihi, urefu hukatwa kwa robo au theluthi, na jicho halilalamiki. Madirisha matano badala ya manane yanatosha.

Kabla ya kipande cha kwanza cha mbao kukatwa, inafaa mtoto aione treni halisi. Shinyanga mjini, Isaka na Mwanza hilo ni jambo la kutembea hadi stesheni. Mkoa wa Geita haujapitiwa na reli, kwa hiyo safari ni ndefu zaidi, ingawa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa anayekwenda Mwanza. Mtoto asimame jukwaani, si kwenye tuta la reli, maana treni nzito ya mizigo huhitaji mamia ya mita hata isimame baada ya dereva kufunga breki. Aangalie mambo matatu au manne tu: kichwa kimeunganishwaje na behewa, magurudumu yana ukingo upande gani, mataruma yamelaliaje kokoto, na mzigo ni nini. Ukingo wa gurudumu unastahili muda mrefu kuliko mengine. Uko upande wa ndani wa reli, ndio unaosaidia kuizuia treni isichupe, na mtoto akishauona kwa macho hatashangaa behewa lake lenye magurudumu ya visoda likitoka njiani kila mara.

Reli ya kwanza ya mtoto wa miaka miwili au mitatu ni mstari wa chaki kwenye sakafu ya saruji. Haigharimu kitu, inapinda popote, na ikikosewa inafutwa kwa kitambaa. Treni yenyewe ni vipande vya mbao kutoka kwa fundi seremala, ambaye mara nyingi huvitupa au huviuza kama kuni. Upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 15 hutosha kwa behewa la mizigo. Kingo zote zipigwe msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Viungio viwe kamba fupi yenye kitanzi, au ndoano ya waya ambayo ncha yake imekunjwa mara mbili kwa plaizi. Magurudumu yanaweza kusubiri, kwa sababu mtoto wa umri huu husukuma kipande cha mbao kavu na kutoa mlio kwa mdomo, na kwake treni imeshaondoka.

Magurudumu yanapohitajika, mafundi wa magari ya waya, ambao ni watoto wenyewe, walishalijibu swali hilo zamani. Malapa yaliyochakaa hukatwa miviringo mizuri isiyopiga kelele. Visoda vya chupa hutobolewa katikati kwa msumari. Ekseli nzuri ni njiti ya mshikaki inayozunguka ndani ya kipande cha mrija kilichogundishwa chini ya behewa. Bila mrija, njiti husuguana na mbao na gurudumu hukwama. Magurudumu mawili ya ekseli moja yawe na ukubwa sawasawa. Moja likizidi hata milimita mbili, behewa litavuta upande mmoja siku zote.

Mtoto wa miaka minne au mitano yuko tayari kwa reli inayoshikika. Namna rahisi ni kuiga mtindo wa Brio: ubao wenye mifereji miwili ambayo magurudumu yanaingia, hivyo hakuna haja ya ukingo wa gurudumu. Seremala mwenye randa ya mfereji hutengeneza mita kadhaa kwa muda mfupi. Vipande vya moja kwa moja viwe vya urefu wa aina mbili tu, kwa mfano sentimita 15 na 30, ili mtoto agundue mwenyewe kwamba vifupi viwili ni sawa na kirefu kimoja. Mapindo ndiyo yanayoleta ugomvi. Behewa refu kwenye pindo kali hutoka nje, na dawa yake ni moja kati ya mbili: kufupisha behewa au kulegeza pindo. Kulazimisha husaidia kuvunja viungio tu.

Wanaonunua seti hupewa karibu kila mara duara au yai. Duara linafaa treni inayojiendesha, ambayo ikikosa duara itaishia ukutani. Kwa treni ya kusukumwa na mkono, njia yenye mwanzo na mwisho ina mchezo mwingi zaidi: Tabora mlangoni, Isaka chini ya meza, Shinyanga karibu na kochi, Mwanza kwenye kona. Mwanza panaongezeka jambo lisilopatikana katika seti za dukani. Meli ya MV Umoja ina reli sitahani na hubeba mabehewa ya mizigo kuvuka Ziwa Victoria hadi Port Bell, Uganda. Sinia lenye vipande viwili vya reli, likisukumwa sakafuni, linakuwa meli hiyo, na mtoto atatumia nusu saa kupakia mabehewa bila kuiacha ipinduke.

Mizigo ndiyo inayoendeleza mchezo baada ya wiki ya kwanza. Njia ya Shinyanga ilibeba marobota ya pamba na ng'ombe kwa miaka mingi, na mafuta, saruji na makontena bado ni mizigo ya reli. Pamba halisi iliyofungwa kwa uzi ni robota. Ng'ombe wa udongo wa mfinyanzi, wale ambao watoto wa Usukumani huwafinyanga hata bila kuambiwa, kwa uwiano wa 1:50 wanakuwa na kimo cha sentimita mbili na nusu hivi. Mtoto wa Geita atataka kupakia dhahabu, na jibu lake ni somo zuri. Tani nzima ya mawe ya mgodini hutoa gramu chache tu, kwa hiyo mawe husagwa na kuchenjuliwa palepale, na kinachobaki huondoka kikiwa kidogo kiasi cha kutohitaji treni. Mgodi unachohitaji ni kuletewa mafuta, saruji na vyuma.

Ukanda wa dhahabu una hatari zake ambazo vitabu vya treni za mfano vya Ulaya havizitaji. Mchanga wa marudio unaobaki baada ya kuoshwa dhahabu ni laini na unafanana sana na kokoto za reli ndogo, ila mara nyingi umechanganyika na zebaki. Haufai kuingia ndani ya nyumba, sembuse mikononi mwa mtoto. Makopo yaliyobeba zebaki, sayanidi au dawa ya pamba hayageuzwi matangi ya treni hata yakioshwa mara ngapi. Kokoto salama ni vumbi la mbao lililotiwa rangi ya chakula. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni.

Mengine ni ya kila nyumba. Kitu chochote kinachopita ndani ya kiini cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Betri bapa za mviringo, kama zile za saa, zikimezwa zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Sumaku zilizotolewa kwenye spika mbovu huvutia kama viungio, lakini mbili zikimezwa hushikana kupitia kuta za utumbo. Kwa treni ya betri, betri kubwa za tochi ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa skrubu ndizo za kuchagua.

Treni za umeme za kweli ni habari ya baadaye. Zile za uwiano wa 1:87, zinazoitwa HO, na za Uingereza za 1:76, zinazoitwa OO, hutumia reli ileile ya milimita 16.5, na nyingi huchukua umeme kupitia reli zenyewe kwa volti 12 hivi. Vumbi la kiangazi la Shinyanga likikaa juu ya reli, umeme haupiti na treni husimama, na mtoto hulaumiwa bure. Seti iliyoletwa na ndugu kutoka Uingereza huingia kwenye soketi za Tanzania bila shida, lakini ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na inaweza kuungua ikichomekwa moja kwa moja. Anayetaka kununua kitu kilicho karibu na reli ya mita moja atazame treni za bustanini za LGB, zilizoanza Ujerumani mwaka 1968: zina reli ya milimita 45 kwa uwiano wa 1:22.5, na reli zinayoiiga ni hiyohiyo ya mita moja. Bei yake ni ya watu wazima.

Mtoto akishaanza kusoma namba, njia ya pili inaweza kulazwa sambamba na ya kwanza. Reli ya kisasa ya milimita 1,435, inayojengwa pia kati ya Isaka na Mwanza kwa mkataba uliosainiwa mwaka 2021, inakuwa na upana wa karibu sentimita 2.9 kwa uwiano wa 1:50. Zikiwekwa pamoja, tofauti ya milimita tisa inaonekana wazi, na mtoto anaelewa mara moja kwa nini kontena lazima lihamishwe kutoka behewa moja hadi jingine badala ya behewa lenyewe kubadili njia. Treni ya umeme ya reli hiyo ya kisasa, maarufu kama mchongoko, ni rahisi kuchonga kuliko kichwa cha zamani, kwa kuwa ni pua moja ndefu bila ngazi wala vishikio. Waya wa umeme wa juu ya reli ni bora uachwe. Nyuzi zilizotundikwa juu ya nguzo za njiti hukatwa na mkono wa kwanza unaoingia kuokota behewa lililoanguka.