Neno la Mwisho la Programu

Programu ya kompyuta ikomapo ghafla, swali la kwanza huwa ni hili: imekoma wapi, na kwa sababu gani? Jibu hupatikana kwa urahisi zaidi ikiwa programu iliandika habari zake kabla ya kukoma. Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliporushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikiwa na setilaiti 4 za utafiti. Sekunde 37 hivi baada ya injini kuu kuwashwa, roketi iliacha njia yake, ikavunjika na kujilipua.

Roketi hiyo ilikuwa na mitambo 2 ya kupimia mwelekeo na mwendo, mmoja wa kazi na mmoja wa akiba, yote ikiendeshwa na programu moja iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Programu ilijaribu kugeuza namba ya biti 64 iwe namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Namba hiyo ilitegemea kasi ya mlalo, nayo Ariane 5 iliipata kasi hiyo upesi zaidi kuliko Ariane 4. Namba ikazidi kipimo. Mtambo wa akiba ulijizima kwanza. Muda mfupi sana baadaye, wa kazi ukaufuata.

Kwa mujibu wa mpango, kosa likitokea mtambo ulipaswa kuiarifu kompyuta kuu, kuandika hali ya kosa katika kumbukumbu isiyofutika umeme ukatikapo, kisha kujizima. Hatua ya kwanza ilileta maangamizi: kompyuta kuu iliidhania taarifa ya kosa kuwa ni vipimo vya safari, ikaielekeza midomo ya injini upande mmoja hadi mwisho.

Hatua ya pili iliwafaa wachunguzi. Habari zilizopelekwa ardhini kwa redio zilihusu tu mtambo uliotangulia kuzimika. Habari za ule wa pili zilisomwa katika kumbukumbu yake, baada ya kuokotwa miongoni mwa mabaki. Tarehe 19 Julai 1996, tume iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilitoa ripoti iliyoeleza chanzo chote.

Kwa hiyo mwanafunzi aandikaye programu azingatie mambo mawili. Habari za kukoma ziandikwe mahali zitakapobaki hata programu ikiisha. Tena ziwe za namna isiyoweza kudhaniwa kuwa matokeo ya kazi ya kawaida.