Dawa za Zege: Faida na Hatari Zake



Mimi nilisoma katika shule hii, na sasa kazi yangu ni ya ujenzi. Kwa kuwa wengi wenu mtajenga siku moja, napenda kuwaeleza habari za dawa zitiwazo katika zege.

Wengi hudhani kuwa zege hukauka kama nguo juani. Sivyo. Saruji huungana na maji ikawa kama jiwe. Mfuko wa kilo 50 wahitaji maji lita 12 hivi tu kwa kazi hiyo, lakini zege la namna hiyo ni zito mno, halisambai. Basi fundi huongeza maji, pengine yakafika lita 30 au zaidi. Maji yaliyozidi huacha vitundu vidogo ndani, na zege hupungukiwa na nguvu. Duff Abrams alilieleza jambo hili huko Chicago mwaka 1918.

Dawa ya kwanza ni ya kulainisha. Chembe za saruji hushikamana majini kama mabonge ya unga. Dawa huzitenganisha, na zege huwa laini bila maji mengi. Zile kali, zilizoanza Japani na Ujerumani katika miaka ya 1960, zaweza kupunguza maji hata kwa robo.

Ya pili ni ya kuchelewesha. Hufaa wakati wa jua kali, au lori la zege likikwama njiani. Hata sukari hufanya hivyo: gramu 25 katika mfuko mmoja huchelewesha zege kwa saa kadhaa, lakini nusu kilo yaweza kulizuia lisigande kabisa! Kwa hiyo msichanganyie zege katika pipa lililokuwa na sukari guru.

Ya tatu ni ya kuharakisha. Ya zamani ni kalsiamu kloraidi, nayo ni rahisi kwa bei. Ubaya wake ni kwamba huozesha nondo kwa kutu, na kutu huvimba hata zege likapasuka. Uingereza iliikataza katika zege lenye nondo mwaka 1977.

Basi, mkijenga, simameni karibu na fundi. Pimeni maji, pimeni na dawa kama ilivyoandikwa na waliyoitengeneza. Wala msikubali kuambiwa kwamba saruji ipunguzwe kwa kuwa dawa ipo. Hakuna dawa iponyayo zege lililonyimwa saruji, na watakaolala chini ya dari hiyo ni watoto wenu.