Saa ya Chuma Iliyonitia Majaribuni

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Lakini saa njema ya mkono haitegemei upya. Nilikuwa nikimtafutia binti yangu tunu ya harusi, na saa mpya za kike kutoka Uswisi bei zake hazishikiki. Ndipo bibi mmoja mjane, jirani yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, aliponitolea yake kisandukuni.

"Ni ya chuma tu, mwanangu," akaniambia. "Ingekuwa dhahabu ningekwisha iuza zamani. Nipe shilingi elfu tano."

Nikaigeuza. Ilikuwa Rolex ya chuma cha pua, aina ya Lady-Datejust iliyoanza kuuzwa miaka ya 1950. Saa ndogo ya upana wa milimita 26, na juu ya tarehe kioo kidogo cha kuikuza.

Nikaomba ruhusa nimwonyeshe fundi. Fundi akautoa mkanda, akasoma namba zilizochorwa ubavuni: ya aina upande wa 12, ya saa yenyewe upande wa 6. Zilikuwa kali, hazikusuguliwa. Akafungua mfuniko wa nyuma. Ndani hamna kutu. Akrabu ya sekunde ilikwenda kwa mtiririko, hairuki kama ya saa ya betri. Akanionya tu nisiitie majini: kasha la Oyster lilibuniwa mwaka 1926 kuzuia maji, lakini mipira yake huzeeka. Kisha akaninong'oneza, "Hii haipungui laki mbili. Umeokota!"

Njiani moyo ulinipiga. Bei si kaitaja mwenyewe? Nani angejua? Lakini biashara ni kuridhiana, na ridhaa ya asiyejua anachouza si ridhaa.

Nikamweleza yote. Akanyamaza kitambo, kisha akacheka huku akifuta machozi. "Marehemu aliniletea kutoka Jeddah. Nilimnunia wiki nzima kwa kuwa si dhahabu."

Akaivaa. Kuuza tena hataki, nami laki mbili sina. Binti yangu atapata bangili.

Basi, msomaji, ukinunua saa iliyokwisha valiwa, pitia kwa fundi kwanza. Na ukiwa wewe ndiwe mwenye kujua, mweleze na mwenzako.