Mbwa wako anasoma uso wako

Ba ndugu, mbwa wa kwenye parsele zetu wana akili ya kuchekesha. Anajua pikipiki ya baba mbele hata haijafika. Ukivaa viatu vya kutembea, yeye njo wa kwanza kwa mlango. Mwonyeshe na kidole mahali chakula kiko: anaenda. Sokwe, na akili yake yote, hapo anashindwa mara mingi.

Lakini kuna akili moja tunaielewa vibaya. Mayai yamepotea, unaita mbwa, anashusha masikio, mkia katikati ya miguu. Watu: "Muone, amekubali!" Fimbo.

Mwaka 2009, huko New York, Alexandra Horowitz alipima mbwa 14. Walikatazwa chakula; mara walikula, mara hapana, na mara zingine mwenye mbwa aliambiwa uongo. Ule uso wa mwizi ulionekana zaidi wakati mwenye mbwa anagomba, hata kama mbwa hakugusa kitu. Kumbe anasoma hasira yako tu.

Kwa mayai, chunguza kwanza panya, nyoka, na kuku yenyewe: ikikosa chokaa katika chakula, inaweza kula mayai yake. Ipe maganda ya mayai, lakini uyasage kabisa.