Je, Wajua? Laana ya Pua ya Penelope

Je, wajua kwamba filamu ya Penelope ilioneshwa kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2006, ila Waingereza na Wamarekani walisubiri hadi 2008 ndipo ikaingia sinema kwao? Mwongozaji ni Mark Palansky. Binti mwenyewe, Penelope, ameigizwa na Christina Ricci.

Kisa cha laana je? Kijana wa ukoo tajiri wa Wilhern alimpenda mtumishi wa nyumbani, jamaa zake wakakataa, msichana akajiua. Mama wa msichana, mchawi, akaapiza: binti atakayezaliwa katika ukoo huo atakuwa na uso wa nguruwe. Wakazaliwa wavulana vizazi na vizazi, hadi Penelope. Kosa la babu, mlipaji mjukuu.

Je, wajua kwa nini Penelope hakupasuliwa? Mshipa mkubwa wa damu ulipita ndani ya pua yake ya nguruwe. Kuikata ni kumuua. Wazazi wakatangaza kuwa mtoto amekufa, wakamlea ndani.

Wachumba walioletwa ili laana iondoke walizungumza naye akiwa nyuma ya kioo kinachoonesha upande mmoja. Alipojitokeza, walitimua mbio.

Je, wajua laana iliondokaje? Sharti lilikuwa akubaliwe na mtu wa aina yake. Wazazi wakaelewa: mwana wa tajiri. Siku ya harusi yake na kijana wa aina hiyo, akiwa ndani ya gauni jeupe, Penelope aliwaacha wageni akakimbilia chumbani. Mama akamsihi arudi, akubali ndoa, apate uso mpya. Binti akajibu kwamba anajipenda alivyo. Pua ikatoweka papo hapo! Mtu wa aina yake alikuwa yeye mwenyewe. Nami naona uchungu hapa: mama naye ni damu yake, na miaka yote alihangaika kutafuta mkwe badala ya kumkumbatia mwanawe.

Je, wajua kwamba, tofauti na Penelope, binti mfalme Fiona wa Shrek, filamu ya katuni ya 2001, anapigwa busu na kubaki zimwi moja kwa moja? Filamu hiyo ndiyo ya kwanza kutwaa Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni, mwaka 2002. Katika kitabu cha William Steig cha 1990 kilichoizaa, binti mfalme anatisha tangu mwanzo, wala hageuki. Huo ndio ujasiri. Penelope naye angeachiwa pua yake, alikwisha kuipenda.

Na je, wajua kwamba Annie, mpeleka vifurushi anayekuwa rafiki wa Penelope, ameigizwa na Reese Witherspoon, mmoja wa watayarishaji wa filamu ya Penelope?