Msafiri na Kichaa cha Mbwa

Msafiri aendaye nchi za mbali hukaguliwa kadi yake ya homa ya manjano, na aghalabu hukumbushwa chandarua na vidonge vya malaria. Lakini habari ya kichaa cha mbwa hapana afisa amwulizaye, na kwa hiyo wengi hudhani kuwa ni maradhi ya mashambani yasiyomhusu mtu mwenye tikiti mkononi. Dhana hiyo ni ya hatari. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka, karibu wote katika Asia na Afrika, na India, ambako jamaa zetu wengi huenda kutafuta matibabu, ndiko wafako wengi kupita nchi nyingine yoyote.

Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, navyo vikishaingia kwa jeraha la jino au ukucha, husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, safari ambayo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au kupita mwaka. Muhula huo ndio rehema ya pekee, kwani pindi mgonjwa aanzapo kuyaogopa maji na kuweweseka, matabibu hawana la kufanya ila kumtuliza. Ndio alioutumia Louis Pasteur, ambaye hata tabibu hakuwa, alipoamuru mjini Paris, tarehe 6 Julai 1885, mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa huko Alsace, adungwe sindano za mfululizo, naye akasalimika.

Siku hizi aendaye kukaa vijijini, au kufanya kazi na wanyama, au achukuaye watoto wadogo wasioweza kueleza walivyokwaruzwa, huweza kuchanjwa kabla ya safari, sindano mbili zilizoachana siku saba. Wapo waulizao, wala hawakosei kuuliza, kuna faida gani maadamu aumwaye sharti achanjwe tena. Faida ni hii: asiyechanjwa, jeraha likitoka damu, huhitaji, fauka ya mfululizo mrefu wa chanjo, sindano ya kingamwili idungwayo ndani ya jeraha lenyewe, dawa ya ghali ambayo pengine haimo hata katika hospitali kubwa, ilhali aliyetangulia kuchanjwa haihitaji kabisa, bali hutoshewa na chanjo mbili, moja siku hiyo hiyo na ya pili siku tatu baadaye.

Awe amechanjwa au hakuchanjwa, aumwaye na mbwa, paka, nyani au popo na aoshe jeraha kwa sabuni na maji ya kutiririka kwa dakika 15 kamili, asipake pilipili wala majivu, aende hospitali siku ile ile badala ya kungoja kurudi kwao, na aombe aandikiwe jina la chanjo na tarehe zake, ili tabibu wa mji wa pili aendeleze alipoachia wa kwanza.