Je, Wajua? Wawili, Gari Moja, Cape Town Hadi Addo

Safari ya wawili wapendanao kusini mwa Afrika Kusini ina njia yake iliyozoeleka: mnashukia Cape Town, mnakodi gari, mnapitia mashamba ya mizabibu, mnaifuata pwani kwa barabara ya N2, kisha mnamalizia kwa tembo wa Addo, karibu na Gqeberha, mji ulioitwa Port Elizabeth hadi 2021. Hadi Gqeberha kwa N2 ni kilomita 750 na ushei, haizidi Dar es Salaam hadi Mbeya, na gari linaendeshwa kushoto kama kwetu. Machweo na mishumaa mezani mtayasoma kwenye vipeperushi. Hapa tunaokota yale yasiyoandikwa humo.

Je, wajua kwamba bahari ya Cape Town huwa baridi zaidi wakati wa kiangazi? Upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kilindini, na yale ya chini, yenye baridi kali, hupanda kushika nafasi. Aliyezoea Bamburi au Kigamboni ataingia hadi magotini na kutoka mbio. Anayetaka kuogelea kweli aende upande wa False Bay.

Je, wajua kwamba pimbi wanaoota jua juu ya Table Mountain ni jamaa wa karibu wa tembo? Waangalieni vizuri, kisha mtazame tena mkifika Addo.

Je, wajua kwamba pengwini wa Boulders, pale Simon's Town, walianza na jozi mbili tu mwaka 1982? Hakuna aliyewaleta, walihamia wenyewe, wakazaana katikati ya nyumba za watu. Mke na mume huatamia kwa zamu, na sauti yao ni ya punda mtupu. Msidanganywe na wingi wao ufukweni: mwaka 2024 waliwekwa katika daraja la mwisho la hatari ya kutoweka, na sababu kubwa ni kwamba dagaa wanaowala wamepungua.

Je, wajua kwamba mvinyo wa Rasi, yaani Cape, una siku yake ya kuzaliwa? Tarehe 2 Februari 1659, Jan van Riebeeck, mkuu wa kituo cha kampuni ya biashara ya Waholanzi, aliandika katika shajara yake kwamba zabibu za Rasi zimekamuliwa kwa mara ya kwanza. Mwaka mmoja kabla ya hapo meli zilikuwa zimeshusha watumwa kutoka Angola na pwani ya Guinea. Baadaye waliletwa wengine wengi kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Zile nyumba nyeupe zenye kuta za mbele zilizopindwa kwa madaha, ambazo maharusi hawapiti bila kupiga picha, ni kazi ya mikono hiyo.

Je, wajua kwamba vizazi vya wafanyakazi wa mashamba hayo vililipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo? Mfumo huo uliitwa dop: kikombe asubuhi, kingine adhuhuri, kingine jioni. Sheria iliupiga marufuku, lakini uliendelea chini kwa chini kwa miaka mingi, na mpaka leo jimbo la Western Cape lina idadi kubwa mno ya watoto walioathiriwa na pombe tangu tumboni mwa mama. Siandiki haya ili mmwage glasi zenu. Ila mkikaribishwa kuonja, mwulizeni mwenyeji wenu watu wa shambani wanaishi wapi na wanalipwaje. Penye nia njema jibu huja bila kigugumizi.

Je, wajua kwamba Pinotage, zabibu nyekundu ambayo Waafrika Kusini wanaionea fahari kuliko zote, nusura itupwe na watunza bustani? Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold wa Stellenbosch alipandisha Pinot Noir kwa Cinsaut, akapata mbegu nne, akazipanda nyuma ya nyumba aliyopewa na chuo. Kisha akahama kazi, akaziacha. Bustani ikawa pori, watu wakatumwa kuifyeka, na miche ikanusurika kwa sababu mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, alitokea kupita siku hiyo akijua kilichopandwa pale.

Je, wajua kwamba Franschhoek, bonde la Wahuguenoti waliokimbia Ufaransa na kufika Rasi mwaka 1688, hapo kwanza liliitwa Kona ya Tembo? Tembo hawapo tena huko. Migahawa ipo, na bei zake zinauma.

Je, wajua kwamba karibu na Stellenbosch kuna shamba, Vergenoegd Löw, lililoajiri bata zaidi ya elfu moja? Kila siku hutoka kwa gwaride kwenda kula konokono wanaoharibu mizabibu. Wachache sana huja pale wakaukumbuka mvinyo kabla ya kuwaona bata.

Na kabla hamjajidharau: Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Rasi mara moja tu. Kuhusu usukani, kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwenye damu ni gramu 0.05 kwa mililita 100, kwa hiyo mmoja aonje, mwingine aendeshe, na kesho mbadilishane.

Je, wajua kwamba mji wa Hermanus una mpiga mbiu wa nyangumi? Tangu 1992 kuna mtu mwenye kazi hiyo: hutembea ufukweni na kupuliza baragumu la mwani mkavu kuwajulisha watu nyangumi wametokea wapi. Huwa wanakuja kati ya Juni na Novemba kuzaa na kunyonyesha, wakati mwingine karibu na miamba kiasi cha kuwasikia wakipumua. Hapa hakuna haja ya kulipia mashua.

Je, wajua kwamba Gansbaai, mji uliosifika duniani kwa papa weupe, ulikimbiwa na papa hao? Mwaka 2017 mizoga ilianza kutupwa ufukweni ikiwa imetolewa maini, kwa usafi wa kushangaza. Washukiwa ni orka wawili madume wanaotembea pamoja, Port na Starboard, mmoja pezi lake la mgongoni limelalia kushoto, mwingine kulia. Walioacha kazi kwenda kupiga mbizi ndani ya vizimba wakakuta maji matupu.

Je, wajua kwamba ncha ya kusini kabisa ya Afrika si Rasi ya Tumaini Jema? Ni Cape Agulhas, mbele zaidi kuelekea mashariki, na ndipo Bahari ya Hindi na Atlantiki zinapogawana mpaka. Watu wataendelea kusimama Cape Point, jirani na Rasi hiyo, na kuonyeshana bahari mbili. Mandhari ya pale ni nzuri, msiwaharibie.

Je, wajua kwamba Mossel Bay ni nyumbani kwa mti uliokuwa posta? Inasimuliwa kwamba nahodha Mreno, Pero de Ataíde, akirudi kutoka India, aliacha barua ndani ya kiatu chini ya mti huo, na João da Nova akaikuta mwaka 1501 akiwa njiani kwenda huko. Sanduku la posta la pale leo lina umbo la kiatu, na kadi mtakayotumia itagongwa muhuri wa mahali hapo. Kwetu watu wa pwani ghuba hiyo ina jambo jingine: Vasco da Gama alitia nanga hapo Novemba 1497, na Aprili iliyofuata akawa Malindi. Ila jirani, katika mapango ya Pinnacle Point, watu walikuwa wakila kome wa baharini miaka 160,000 hivi iliyopita. Mkiagiza sahani ya kome, mjue foleni ni ndefu.

Je, wajua kwamba mwaka 1913 manyoya ya mbuni yalikuwa miongoni mwa bidhaa nne zilizoiingizia Afrika Kusini fedha nyingi zaidi kutoka nje? Matajiri wa mji wa Oudtshoorn walijenga majumba kwa kofia za wanawake wa Ulaya. Kisha vikaja vita, na magari ya wazi yasiyopatana na kofia kubwa, na soko likafa.

Je, wajua kwamba wanasayansi walipochunguza msitu wa Knysna kwa kamera hadi 2017 walimkuta tembo mmoja tu, jike, peke yake? Katika wangwa wa mji wa Knysna yupo farasi-bahari mdogo asiyepatikana nje ya ukanda huu wa pwani. Kwao mume ndiye abebaye mimba. Mtamaliza wenyewe mjadala huo garini.

Je, wajua kwamba daraja la Bloukrans lina kimo cha mita 216, na kuna watu wanalipa ili waruke kutoka juu yake kwa kamba? Sina la kuongeza.

Je, wajua kwamba Addo ilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1931 walikuwa wamebaki tembo 11? Wakulima walikuwa wameiomba serikali iwamalize, na mwindaji Meja Pretorius aliua zaidi ya 100 kati ya 1919 na 1920. Leo wapo zaidi ya 600, na karibu majike wote hawana pembe, urithi wa wale wachache walionusurika. Uzio uliowaokoa, wa mwaka 1954, ulisukwa kwa reli za tramu na nyaya za lifti. Barabarani vibao vinawaambia madereva wampishe dundu anayeviringisha mavi ya tembo, kwa kuwa haruki. Na langoni mtakatazwa kuingia na machungwa: zamani tembo walirushiwa machungwa ili watalii wawaone, wakayazoea hadi kupigana na kuwa wakali, na marufuku haijaondolewa. Bonde zima la mto Sundays, mtakalopita mkija, ni mashamba ya michungwa, kwa hiyo mkinunua mfuko njiani, maganda yote yaishie kabla ya lango.